Zamu ya Saa Tisa Usiku: Kumaliza Mbio za Saa 24 Ukiwa Mombasa

Ukishaamua kuingia mbio za saa 24 kwenye gemu, swali la kwanza utakaloulizwa na wenzako ni mzunguko mmoja unaumaliza kwa muda gani. Kwa mbio za nusu saa, hilo ni swali la maana. Kwa mbio za usiku kucha linapotosha, na hesabu ndogo itakuonyesha kwa nini. Chukua uwanja wa Le Mans, wenye urefu wa kilomita 13.626, na gari la daraja la GT3 linaloumaliza kwa karibu dakika 4. Katika saa 24 utazunguka kama mara 360. Ukimshinda mpinzani wako nusu sekunde kila mzunguko, bila kukosa hata mmoja, mwisho wa mbio utakuwa umemtangulia kwa dakika 3. Sasa fikiria stima imepotea mara moja tu: kompyuta imezima, unangoja iwake, gemu lifunguke, seva ikupokee, gari livutwe hadi piti. Zile dakika 3 za jasho la mchana na usiku zimeisha kabla hujashika usukani tena. Mwongozo huu unasimama juu ya hesabu hiyo. Kwa anayeendesha kutoka kisiwani Mombasa, mbio ndefu huamuliwa zaidi na mambo yaliyo nje ya gari, na hayo ndiyo yanayostahili maandalizi yako ya kwanza, kabla ya kona yoyote.

Ushahidi wa hoja hii tunao nyumbani, tena wa zamani kuliko gemu lenyewe. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miongo mingi ilikuwa maelfu ya kilomita za barabara za kawaida, katika mvua, tope, vumbi na usiku usio na usingizi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na timu ya kiwanda. Mwaka 1973 ndio unaofundisha zaidi: Shekhar Mehta na Harry Källström walifika wakiwa sawa kabisa kwa adhabu, na Mehta akapewa ushindi kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupata adhabu yoyote. Hapo kilichotuzwa ni usafi wa mwendo. Na usidhani mambo haya yaliisha na barabara za tope. Januari 2023, katika mbio za Le Mans za mtandaoni zilizoendeshwa kwa gemu la rFactor 2, Max Verstappen, bingwa wa dunia wa Formula 1 wakati huo, alikuwa akiongoza pale alipokatika kwenye seva. Alirudi akiwa ameachwa mizunguko kadhaa, na gari likaondolewa mashindanoni. Hakukosea kona wala breki.

Atatokea mtu aseme kwamba hayo ni ya zamani, kwamba siku hizi mbio za saa 24 hukimbizwa kwa kasi kamili kuanzia bendera ya kwanza, na anayejihifadhi huachwa. Kwa makundi ya juu kabisa anasema kweli. Pale madereva wote wana vifaa vizuri, stima isiyokatika na seva iliyo karibu, kinachobaki kuwatofautisha ni kasi. Lakini msomaji wa mwongozo huu hayumo katika kundi hilo bado, na njia ya kufika huko ni kumaliza mbio, kwa kuwa anayejitoa saa ya saba hajifunzi saa ya ishirini ikoje. Wala sisemi uendeshe polepole. Methali ya mwenda pole hajikwai haitoshi kwenye uwanja wenye magari ya madaraja matatu, ambapo gari la Hypercar, daraja la kasi zaidi, linakufikia kwa kasi kubwa na dereva wake anategemea ubaki pale anapokutazamia. Mwenda pole anayeyumba ndiye anayegongwa. Ninachokutaka utafute ni mwendo unaoweza kuurudia: chukua wastani wa mizunguko yako ishirini ya mazoezi, si ule mmoja bora, kisha ujiulize ni mingapi kati ya hiyo tairi zilitoka nje ya mstari. Kama kupunguza nusu sekunde kunafuta makosa hayo yote, ipunguze, na uishike hivyo usiku kucha. Gari la kasi likikukaribia, baki kwenye mstari wako wa kawaida na umwache mwenyewe achague njia ya kupita. Anayeruka pembeni kwa adabu huzusha ajali nyingi kuliko mbishi.

Turudi kwenye stima, kwa sababu hapo ndipo mbio nyingi za watu wa pwani zinapofia. Waliocheza Gran Turismo 4 kwenye PlayStation 2 wanaujua uchungu huu: gemu lile la mwaka 2004 lilikuwa na mbio za saa 24, na halikukuruhusu kuhifadhi ulipofikia katikati. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani mara tatu ndani ya miezi minne, Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Zitazame siku hizo kwenye kalenda: Ijumaa usiku, Jumamosi, Jumapili. Mbio ndefu nazo huwekwa wikendi. Giza la saa nyingi kama lile huwezi kulishinda kwa betri ya chumbani, ila kukatika kwa dakika ishirini au saa moja unaweza, ukipiga hesabu mapema. PlayStation 5 ikiwa mbioni hula karibu wati 200, televisheni ndogo wati 50, ruta wati 10, jumla 260. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ile ya kawaida ya risasi na asidi haifai kutumiwa chini ya nusu, na inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo hesabu 500 za kutumia. Hizo ni karibu saa mbili za PlayStation, au saa moja na kidogo kwa kompyuta ya gemu inayokula wati 450. UPS ndogo ya VA 650 iliyotengenezwa kwa kompyuta za ofisi itazidiwa na mzigo huo na kuzima papo hapo, na wengi hugundua hilo usiku wa mbio wenyewe. Jaribu mapema: gemu likiwa linaendelea, zima swichi kuu ya nyumba kwa mkono wako. Kompyuta ikijizima, inveta yako inachelewa kubadili na haifai kwa kazi hii. Nunua tokeni za kutosha kabla ya siku. PlayStation kwa saa 24 itakula uniti 6 na kitu, kompyuta karibu 11, na feni iko juu ya hizo.

Kwenye intaneti, tatizo la kwanza la Mji wa Kale liko ukutani. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake nene, huhifadhi ubaridi wa chumba na kumeza mawimbi ya Wi-Fi. Ruta iliyoko sebuleni na mchezaji aliye ghorofani nyuma ya kuta mbili kama hizo hawatasikilizana vizuri kwa saa 24. Pitisha waya. Hata ukiwa mrefu, hata ukipanda ngazi na kuzunguka dirisha, waya utakupa utulivu ambao hakuna antena itakayokupa. La pili ni umbali, na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo: waya za baharini zinaibukia Mombasa hapahapa, Seacom na TEAMS tangu mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, lakini seva za gemu nyingi ziko Ulaya na Marekani. Mwanga ndani ya waya huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Frankfurt ni karibu kilomita 6,700 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 67 hata kama waya ungenyooka hivyo, na hauko hivyo. Tuseme unapata 150. Gari linaloenda kilomita 200 kwa saa husafiri zaidi ya mita 8 katika muda huo, yaani karibu urefu wa magari mawili. Gemu hukisia lilipo gari la mwenzako na mara nyingi hukisia sawa, lakini breki zikikanyagwa ghafla kisio hukosea.

Wapo wanaosema kwa sababu hiyo mtu wa Afrika Mashariki ajiepushe na mbio za mtandaoni mpaka seva ziletwe karibu. Sikubaliani nao hata kidogo, na sababu iko katika aina ya mbio zenyewe. Ucheleweshaji unaumiza pale magari yanapobanana, na katika mbio za nusu saa yanabanana muda wote. Katika saa 24 magari hutawanyika, na saa nyingi unaendesha peke yako ukishindana na mafuta, tairi na usingizi. Mbio ndefu ndizo zinazotutendea haki zaidi. Kinachotakiwa ni kubadili tabia kidogo: kupita kwenye njia iliyonyooka na kuachana na kupigania kona, kuacha nafasi ya gari moja zaidi kuliko macho yanavyokuambia, na kumpa zamu ya kwanza, ile ya msongamano, mwenzenu mwenye mawasiliano tulivu zaidi. Milisekunde 180 zisizobadilika ni bora kuliko 120 zinazorukaruka hadi 400. Pia weka laini ya simu yenye bando kama akiba, na uijaribu kweli kwa mbio fupi, kwa sababu faiba hupotea pia: Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na mtandao ukayumba eneo zima. Zima masasisho ya kompyuta na simu zote za nyumba zilizounganishwa. Sasisho moja kubwa linaloshuka saa nane usiku linatosha kukutoa barabarani.

Hapo sasa ndipo timu inapoingia, na watu wa pwani wana mtaji ambao wengi hawajautumia. Ukoo mmoja wa Mombasa unaweza kuwa na vijana Kibokoni, Muscat, London na Toronto. Katika gemu kama iRacing, ambamo madereva wa timu hupokezana gari moja, mtawanyiko huo ni silaha. Giza likiingia Mombasa, stima ya Muscat iko palepale, na mwenzako aliye tayari ndani ya seva anaweza kuingia kwenye gari likiwa piti. Kwa hiyo iwe sheria kwamba hakuna saa ambayo dereva anayeendesha yuko peke yake; mmoja mwingine awe ameunganishwa, macho wazi, akifuatilia mafuta na kusema naye. Faida kubwa zaidi iko kwenye saa za usingizi. Mwili wa binadamu huzama zaidi kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, na hakuna ushujaa unaobadili hilo. Lakini mwezi wa Juni, saa tisa usiku ya Mombasa ni saa mbili usiku Toronto, wakati mtu amemaliza kula na akili iko wazi. Mpe huyo zamu hiyo. Ikifika saa kumi na moja alfajiri kwetu, Muscat ni saa kumi na mbili asubuhi, na aliyeamka kwa sala ya alfajiri anaweza kupokea. Timu ambayo watu wake wote wako kisiwani haina nafuu hiyo. Nayo ichague kwa ajili ya saa zile dereva mwenye mwendo usiobadilika, hata kama ni wa tatu kwa kasi, na wa kasi zaidi alale.

Ratiba ya zamu iandikwe karatasini, ikiwa na saa za Mombasa na majina, na izingatie maisha ya watu waliomo. Mbio zikifuata saa ya Le Mans yenyewe, saa kumi jioni ya Ufaransa mwezi wa Juni ni saa kumi na moja jioni kwetu. Tanki la mizunguko 13 hukupa zamu ya dakika 52. Dereva wa kwanza atatoka saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Jua linazama Mombasa kama saa kumi na mbili na robo, na wakati wa magharibi ni mfupi, kwa hiyo anayepokea hapo, kama anaswali, asipewe zamu mbili mfululizo: akitoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne bado anaiwahi sala, akiendelea hadi saa moja na nusu imempita. Baada ya hapo zamu mbilimbili zinafaa. Madereva wanne wakipokezana kila baada ya dakika 104, kila mmoja anapumzika saa 5 na dakika 12, na ndani yake anapata karibu saa nne za kulala kweli. Amka nusu saa kabla ya kupokea, kwa sababu mtu aliyetolewa kitandani na kuwekwa moja kwa moja kwenye usukani hugonga. Kahawa tungu huanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, na baada ya saa tano hivi karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Inywe unapoamka kwa ajili ya zamu, usiinywe unapotoka kwenda kulala, hata muuzaji akipita chini ya dirisha akigonganisha vikombe vyake.

Joto nalo lisidharauliwe. Kompyuta inayokula wati 450 inazirudisha zote chumbani kama joto, na kwenye chumba kidogo cha Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia, mashine na dereva watachemka pamoja. Mashine ikichemka hupunguza kasi yake yenyewe, picha zikaanza kukwama. Ipanguse vumbi wiki moja kabla, iweke mbali na ukuta, na feni moja ielekee kwake, nyingine kwako. Chumvi ya bahari hula viunganishi, kwa hiyo chomoa na uchomeke upya waya za pedali na usukani, kisha uhakikishe hakuna inayosuasua. Kunywa maji au madafu kidogokidogo kabla kiu haijaja. Mahamri na viazi vya karai viliwe baada ya zamu, kwa sababu mafuta ya vidole kwenye usukani au padi ni utelezi. Wakati wa kuendesha tende na ndizi zinatosha. Na majirani wana haki yao: vaa vifaa vya masikioni, weka mkeka mnene wa mpira chini ya pedali.

Mkakati wa mafuta ndio mahali pekee ambapo mguu wako unaweza kushinda kasi ya mwenzako. Tuseme tanki ni lita 100 na gari linakunywa 7.5 kwa mzunguko: unapata mizunguko 13, na kwa mizunguko 360 utaingia piti mara 27. Ukiinua mguu mapema kidogo kabla ya breki za njia ndefu na kushuka hadi lita 7.1, unapata mizunguko 14, na piti zinakuwa 25. Kila kuingia piti kukigharimu sekunde 70, umeokoa 140. Kuinua mguu huko kukikugharimu sehemu 3 za kumi za sekunde kila mzunguko, umelipa 108. Faida ni sekunde 32, na juu yake breki na tairi zilizotunzika. Namba hizi zitabadilika kwa kila gemu na gari. Zipime mwenyewe katika zamu mbili nzima za mazoezi, kwa sababu makadirio ya skrini hufuata mzunguko uliopita na hayajui kwamba ulikuwa nyuma ya gari jingine likikukingia upepo.

Mzazi atauliza, na ana haki ya kuuliza, kuna maana gani kukesha kwa ajili ya gemu. Jibu la haki ni kukiri gharama: stima, bando, usiku wa mapumziko, na usukani ambao kwa familia nyingi ni bei ya mwezi mzima wa matumizi. Ndiyo maana nashauri uanze na padi uliyonayo, na mbio za saa 2, kisha 6, na saa 24 ziwe mara moja au mbili kwa mwaka, zisizogusa mitihani wala kazi, zikiwa zimeelezwa nyumbani wiki kadhaa kabla ili mtu asizime swichi kwa kutojua. Mzazi akiona ratiba ukutani yenye saa za sala, chakula na kulala, na majina ya ndugu zake wa Muscat na Toronto ndani yake, ataona kijana anayepanga kazi ya watu wanne na kuitimiza. Hilo si jambo dogo.

Wiki mbili kabla fanyeni jaribio la saa 6 usiku, timu nzima, kwa betri na laini ya akiba mtakazotumia, na katikati yake kateni stima kwa makusudi. Siku yenyewe, saa ya mwisho, hesabu inageuka. Mbio huisha kwa saa na si kwa idadi ya mizunguko: anayeongoza akipita mstari zikiwa zimebaki sekunde chache, wote mtazunguka mara moja zaidi. Kwa hiyo piti ya mwisho usijaze tanki, maana uzito unapunguza kasi na ujazaji unakula sekunde. Pigia hesabu mizunguko iliyobaki, ongeza mmoja, kisha ongeza lita moja ya tahadhari, na mwenye karatasi amsomee dereva namba hiyo mara mbili kabla hajaingia.